Tusichague daftari kwa uzuri wa jalada

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi hukiona kidogo, nacho ni daftari. Sisemi la hesabu za duka wala la mtoto wa shule. Nasema daftari la mtu ambaye mpaka leo anaandika kwa kalamu ya wino ya kujaza, ile yenye nibu na tumbo la kuhifadhia wino. Najua tuliobaki na kalamu hizi tunahesabika. Hata hivyo, haipiti Ijumaa nisikutane msikitini na mtu mmoja au wawili waliozichomeka katika mifuko ya kanzu zao, na kila tukizungumza tunaishia kuulizana swali lile lile: ni karatasi gani inayofaa?

Zamani swali hili nililichukulia kwa mzaha, mpaka liliponitia hasara.

Mwaka 1992 maalim wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, aliniita kwake baada ya sala ya alasiri, akaniambia nije na daftari. Alikuwa ametunga utenzi wa beti 56 juu ya safari ya baba yake kwa jahazi kutoka Lamu mpaka Bara Arabu, na hakuwa ameuandika popote. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Basi yeye akawa anasoma kwa moyo, mimi naandika, na kazi hiyo ilituchukua siku tatu. Daftari nililinunua njiani, la bei ya chini kuliko yote yaliyokuwapo dukani, na wino uliokuwamo kalamuni mwangu ulikuwa ule wa buluu wa wanafunzi.

Maalim alifariki mwaka 1995. Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja zile mvua za El Nino ambazo watu wa pwani hawajazisahau. Bati la nyumba yetu likavuja usiku kucha juu ya sanduku nililotilia vitabu. Asubuhi nilipolifungua daftari nilikuta kurasa zimekuwa samawati tupu, upande huu na upande wa pili. Katika beti zile 56, zilizosomeka zilikuwa 15.

Wako walionipa pole wakasema kwamba hayo ni ya mvua. Mvua ilikuwa na sehemu yake. Lakini mwenye makosa ni mimi, kwa kuwa niliichukua amana ya mtu nikaiandika kwa wino wa kuoshwa juu ya karatasi ya kunywa maji.

MAANDISHI YA NAMNA MBILI

Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba kuna maandishi ya kufutwa na maandishi ya kubaki, ingawa hatukuambiwa kwa maneno hayo. Ubao wetu tuliuandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Ukishazihifadhi aya zako unauosha ubao, unauanika juani, unaandika nyingine. Kombe la mgonjwa nalo huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji, yakanywewa. Hapana anayelalamika kwamba wino ule umetoka, maana ulikusudiwa utoke.

Ama msahafu, hati ya wakfu, wasia, hati ya deni na utenzi, hayo ni maandishi ya kubaki. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 282, Waislamu tumeamrishwa kuyaandika madeni ya muda, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Sura ya 68 imepewa jina la Kalamu. Mtu aliyelelewa katika mafunzo hayo hana udhuru wa kuandika jambo la kudumu kwa vifaa vya kupita.

Wazee wetu hawakulipuuza jambo hili. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 naye yu mgonjwa, anaanza kwa kumwita binti yake aje aketi karibu, achukue wino na karatasi. Kabla ya wasia wenyewe, vinatajwa vyombo vya kuuhifadhia. Angalieni pia habari za Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mengi katika mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, na tungeyapoteza lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyaandika kwa hati za Kiarabu miaka mingi baadaye, akishirikiana na kasisi Mwingereza, W. E. Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, na diwani ya Muyaka ikapigwa chapa mwaka 1940. Baina ya ulimi wa Muyaka na kitabu tunachokisoma sisi palikuwa na daraja moja tu, nalo ni karatasi.

KALAMU NA KARATASI ZA ZAMANI

Watu hudhani kwamba vyombo hivi vyote ni vya Wazungu. Lakini maneno yenyewe, kalamu, karatasi na daftari, tumeyapata kwa Waarabu, ambao nao waliyapokea kutoka kwa Wayunani. Kalamu kwa asili ni unyasi au mwanzi, na daftari asili yake ni ngozi. Hata neno rimu, la karatasi zilizofungwa pamoja, ambalo tumelitoa kwa Waingereza, lilianza safari yake kutoka neno la Kiarabu rizma, yaani furushi.

Kalamu inayobeba wino wake yenyewe pia ina habari ya kale. Qadhi al-Nu'man wa Misri, aliyefariki mwaka 974, ameandika kwamba Khalifa al-Mu'izz aliwataka mafundi wamtengenezee kalamu isiyohitaji kidau, ambayo mtu aweza kuitia katika mkono wa nguo au kuipindua juu chini isimwage tone, na kwamba fundi aliitengeneza. Ile ya Lewis Waterman wa New York, iliyoandikishwa Marekani mwaka 1884, ilikuja baada ya miaka zaidi ya 900.

Ama karatasi, mafundi wa Kiislamu waliipokea kutoka Uchina kwa njia ya Samarkand, na kufikia zama za Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hadi 809, ilikuwa ikitumiwa sana Baghdad. Mafundi hao walitambua kwamba karatasi mbichi hainyweshwi wino vivi hivi. Waliipaka wanga, au ute wa yai uliochanganywa na shabu, wakaikausha, kisha wakaisugua kwa jiwe la akiki mpaka ikang'ara. Juu ya karatasi hiyo kalamu ya mwanzi huteleza, na wino hukaa juu wala hauzami.

Karne zilizofuata, Wataliani wakawa wauzaji wakubwa wa karatasi katika nchi za Kiislamu, na masheikh wakaulizana kama yafaa kuandika maneno ya Mungu juu ya karatasi za Wakristo, ambazo nyingine zilikuwa na alama ya msalaba ndani yake ukiziinua kwenye mwanga. Mwaka 1409 Sheikh Ibn Marzuq wa Tlemcen, katika Algeria ya leo, alitoa fatwa kwamba inajuzu. Baadaye Wataliani hao, wafanya biashara hodari, wakatengeneza karatasi yenye alama ya miezi mitatu kwa ajili ya soko la Waislamu. Karatasi hizo za miezi mitatu zilifika mpaka huku kwetu, na katika misahafu iliyonakiliwa Siyu imo iliyoandikwa juu yake. Kwa hiyo kuchagua karatasi, na hata kuihojia, ni desturi yetu ya siku nyingi.

ZAWADI YA JALADA LA NGOZI

Sasa nirudi kwenye kisa changu. Mwaka jana nilipata habari kwamba dada yake marehemu maalim wangu, mama wa umri wa zaidi ya miaka themanini anayekaa Lamu, bado anaukumbuka sehemu ya utenzi ule. Alikuwa akisikiliza kakaye alipoutunga. Nikaazimia kwenda, na safari hii nikajiapia kwamba sitakwenda na daftari la kuokota njiani.

Binti yangu aliposikia alininunulia daftari kwa mshahara wake. Lilikuwa la jalada la ngozi, utepe wa hariri na kurasa za rangi ya maziwa. Nilifurahi, nikamwombea dua. Usiku nikajaza kalamu na kuandika Bismillahi katika ukurasa wa mwisho kwa kulijaribu. Herufi zikaota ndevu. Nilipogeuza ukurasa nikaona vitone vya wino upande wa pili, mfano wa nguo iliyopigwa na kutu.

"Baba, mbona ni la bei ghali?" akaniuliza kwa uchungu.

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe umelipia ngozi. Karatasi wameiweka ndani kama watu wanavyoweka chumvi, kwa kuwa lazima iwepo."

Daftari lile nalitumia mpaka leo kwa kalamu ya risasi, na nalipenda. Lakini la Lamu ilibidi nilitafute mwenyewe.

KWA NINI WINO HUTAMBAA

Karatasi ni nyuzinyuzi za mti, au za pamba, zilizosongwa pamoja. Kila uzi una kiu. Ukiziacha bila kitu zitaufyonza wino na kuutembeza huku na huku, na ndiyo sababu herufi huota ndevu. Mwenye kuvaa kanzu atanielewa upesi. Kanzu iliyotoka kwa dobi imetiwa wanga na kupigwa pasi, ikidondokewa na kahawa, tone hukaa juu kitambo na waweza kuliwahi. Kanzu iliyokwisha kufuliwa mara kumi bila wanga, tone likianguka limeshafika ndani.

Viwanda navyo vina wanga wao. Wazungu wa zamani walitumia gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na kwato za wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Illig akatangaza njia ya kutia utomvu wa msonobari pamoja na shabu, njia rahisi iliyoenea ulimwengu mzima. Kumbe ndani yake mlikuwa na asidi, ambayo huila karatasi polepole. Ndiyo maana utakuta kitabu cha miaka 70 iliyopita kinavunjika mkononi kama mkate mkavu, ilhali msahafu wa miaka 200, ulioandikwa juu ya karatasi ya matambara, ungali unakunjika vyema. Siku hizi viwanda bora vimeacha njia hiyo, na madaftari mazuri huandikwa juu yake kwamba karatasi haina asidi. Neno hilo litafuteni.

JINSI YA KULIPIMA DAFTARI

Jambo la kwanza ni kuwa na ujasiri wa kumwomba mwenye duka akuruhusu ujaribu. Akikataa, nunua moja, si tano. Jaribu kwa kalamu yako na wino wako mwenyewe, kwa kuwa nibu nene humwaga wino mwingi na nibu nyembamba husitiri aibu ya karatasi. Wala usitie sahihi tu ukaondoka. Andika maneno ya kutosha. Mimi nina ubeti wangu nilioutunga kwa kazi hiyo hiyo, nao nimeuandika katika madaftari mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu:

Kalamu na karatasi, ni ndugu wa tumbo moja,
Mmoja kiwa nuhusi, mwenziwe hana faraja,
Usinunue upesi, kwa jalada lenye koja,
Ligeuze ulihisi, kama wino umevuja.

Ukishaandika, tazama mambo matano.

La kwanza ni kutambaa. Tazama kingo za herufi kwa karibu, hasa herufi zenye matumbo kama a, e na b. Zikiwa na ndevu, liache.

La pili ni kupenya. Geuza ukurasa. Wino ukitokeza upande wa pili, daftari hilo utaliandika upande mmoja tu, kwa hiyo umelipia mara mbili.

La tatu ni kivuli, yaani kuyaona maandishi upande wa pili bila wino kupenya. Hili ni dogo, nalo karatasi nyembamba hazilikwepi. Kila mtu apime uvumilivu wake.

La nne ni kukauka. Gusa kwa kidole baada ya kuhesabu kumi, kisha ishirini, kisha thelathini. Karatasi iliyolainishwa sana huchelewa kukausha wino, na hewa ya pwani yenye unyevu huongeza. Anayeandika kwa hati za Kiarabu kwa mkono wa kulia ana taabu zaidi, kwani mkono wake huufuata mstari ambao bado haujakauka. Afadhali awe na karatasi ya kunyonya wino. Na sote tuweke kipande cha karatasi chini ya kiganja, kwa sababu jasho na mafuta ya mkono huifanya karatasi iukatae wino, na nibu ikifika pale huruka.

La tano ni mshono. Fungua katikati. Daftari lililoshonwa kwa uzi hulala chini kama mkeka. Lililobandikwa gundi peke yake hujifunga lenyewe, na joto letu likikaza kurasa huanza kung'oka.

Na uzito? Wauzaji watakutajia gramu kwa kila mita mraba. Karatasi ya kawaida ya mashine za ofisini ni gramu 80. Nambari hiyo ina maana, lakini isikudanganye. Wajapani wana karatasi iitwayo Tomoe River, ambayo sifa yake ilienea kwa gramu 52 tu, nyembamba kama karatasi za msahafu mdogo, lakini haipenyi wino na inaonyesha rangi yake vizuri. Kwa upande mwingine nimeshika karatasi nene kama kadi ya harusi iliyokunywa wino kama mchanga. Unene ni mwili, na wanga ndio ngozi.

MADAFTARI YANAYOSIFIWA

Kati ya yale ya kigeni niliyoandikia mimi mwenyewe, ya Clairefontaine hayajaniangusha. Kiwanda hicho kiko Vosges, Ufaransa, na kilianzishwa mwaka 1858, mwaka ule ule wa utenzi wa Mwana Kupona. Karatasi ya madaftari yake ni ya gramu 90, laini mno, na kasoro yake ni hiyo ya kuchelewa kukauka. Ya Rhodia, ambayo ni ya ukoo huo huo, hayaachani nayo sana. Haya hupatikana kwa kuagiza, au kwa kumtuma jamaa aliye Ulaya au Dubai, na bei yake si ya kila mtu.

Kwa hiyo nawaambieni na njia ya wanyonge, ambayo nimeitumia miaka mingi. Nunua karatasi nzuri za kupigia chapa, za gramu 90 au 100, baada ya kujaribu chache. Zikunje katikati, uzipange vitabu vidogo vidogo vya karatasi nne nne, kisha mpelekee fundi wa kujalidi vitabu azishone kwa uzi na kuzitia jalada gumu. Karatasi ya A4 ukiikunja inakuwa A5, upana wa milimita 148 na urefu wa 210, kipimo kinachoenea mkononi na mkobani. Ama kaunta buku za hapa kwetu, ziko njema na ziko mbaya, na hata jina moja hubadilika kila mzigo mpya unapoingia. Ukipata nzuri, rudi siku hiyo hiyo ununue za mwaka mzima.

Mshairi azingatie na mistari. Mshororo wa mizani 16 huenea katika upana wa A5 ikiwa hati yako si kubwa, ukwapi na utao vikakaa mstari mmoja bila kukatwa. Mwenye kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na irabu juu na chini, mistari ya milimita 7 itambana. Bora achukue daftari lisilo mistari, aweke chini ya ukurasa karatasi aliyoipiga mistari minene ya upana anaoutaka.

WINO NAO

Nimeeleza karatasi kwa urefu, lakini lililonipoteza mimi lilikuwa mawili. Wino wa buluu wa kuoshwa umetengenezwa makusudi utoke nguoni mwa watoto. Kwa barua ya leo na kesho hauna ubaya. Kwa utenzi wa mzee, ni haramu ya adabu.

Wino wa kudumu uko wa namna mbili zijulikanazo sana. Uko ule wa chuma, unaotokana na tanini na chumvi ya chuma, ambao huandika kwa wepesi na kuwa mweusi unapokutana na hewa. Uingereza wino wa jamii hiyo umetumiwa kuandikia vitabu vya vizazi, ndoa na vifo. Ule wa zamani ulikuwa mkali, na uliweza kuitoboa karatasi. Wa leo wa kalamu za kujaza umepunguzwa ukali, lakini kalamu ioshwe mara kwa mara. Na uko wino wa masizi, ndugu wa wino wetu wa chuoni. Msije mkaujaza ule wa chuoni wala wino wa wachoraji katika kalamu yenu, mtaiziba. Wako watengenezaji waliousaga masizi laini kabisa kwa ajili ya kalamu hizi, kama Platinum wa Japani, na ukishakauka juu ya karatasi, maji hayauondoi.

Jaribio lake ni rahisi. Andika, ngoja siku moja, dondosha tone la maji, lifute. Kilichobaki ndicho watakachokikuta wajukuu wako.

Na mwisho, mahali pa kuweka. Usilaze daftari sakafuni wala ukutani penye unyevu, wala ndani ya sanduku la bati chini ya paa unalolishuku. Liweke juu, penye hewa, mbali na jua, na ulifungue mara kwa mara uwatimue wadudu. Kisha nakili. Vijana wana simu, nao wapige picha kila ukurasa. Ni msaada mkubwa. Lakini simu huanguka baharini, huibwa, hubadilishwa, na maneno ya siri ya kuifungulia mwenyewe hufa nayo. Daftari halihitaji ruhusa ya mtu.

LAMU

Nilikwenda Lamu na daftari la kushonwa na fundi, karatasi za gramu 100, na wino wa masizi. Binti yangu akaja nami. Tulikaa ukumbini kwa yule mama siku mbili. Mimi humwita shangazi, kwa kuwa kakaye alikuwa kama baba yangu. Alisoma akiwa amefumba macho, akirudi nyuma, akijisahihisha, na mara nyingine akinyamaza mpaka tukadhani amelala. Kabla hatujaanza nilimsomea zile beti 15 nilizonazo, naye akanirekebisha maneno mawili ambayo nilikuwa nimeyasoma vibaya kwa miaka zaidi ya 20, kwa sababu herufi zilikuwa zimeota ndevu.

Tulipata beti 22. Zile 19 hazikupatikana. Katika ubeti mmoja tulipata vipande vitatu, cha nne kikamtoka kabisa, naye akakataa tukijaze kwa ubunifu wetu. "Pawacheni wazi," akasema, "huenda yuko ajuaye." Tukapaacha wazi.

Tulipomaliza akaomba aone. Macho yake nayo si ya kusomea tena. Alilamba ncha ya kidole, akaipitisha juu ya mstari wa kwanza, akakitazama kidole chake kwenye mwanga wa dirisha.

"Haukutoka," akasema, akamrudishia binti yangu daftari.

Ndugu msomaji, ikiwa kwenu yuko mzee mwenye utenzi, dua, nasaba au hata hesabu za mawio ya baharini alizozihifadhi kichwani, usingoje mpaka upate daftari la Ufaransa. Nenda wiki hii. Lakini kabla hujatoka mlangoni, andika mstari mmoja katika daftari unalokwenda nalo, ugeuze ukurasa, utazame nyuma yake.